Tuliogopa Busta, Sumu Ikaja na Vumbi

Nyanyangu alikuwa na vita na busta. Si busta ya spika, la. Nasema ule mlingoti wa simu uliosimikwa juu ya ghorofa, mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Mji wa Kale. Kila jioni akitoka barazani kuingia ndani, kitu cha kwanza ni kufunga dirisha la upande ule. Joto lote hili la Mombasa, na dirisha limefungwa!

"Dude hilo latuwakia usiku kucha," alikuwa akisema. "Sisi twalala chini yake kama ng'onda juani."

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimejifunza fizikia wiki mbili, nikajiona profesa. Nikamkalisha nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Na ni nani alokuja kupima?"

Sikuwa na jibu. Na kusema kweli, swali hilo ndilo limenifanya niandike haya, miaka kadhaa baadaye. Maana nimechimba historia ya hofu kama ya nyanya hapa pwani, na nimeona kitu: karibu kila mara tatizo halikuwa kwamba watu waliogopa. Tatizo lilikuwa kwamba kipimo kilichelewa, ama kilifanywa na majibu yakabaki kwenye makaratasi ya watu wengine.

Tuanze na busta yenyewe, tuimalize. Mionzi si kitu kimoja. Kuna ile yenye nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili: eksirei, na ile inayotoka kwenye madini kama urani na thori. Hiyo ikikuzidia yaweza kuleta saratani. Kisha kuna mawimbi ya redio, ambayo ndiyo hutumiwa na simu na busta. Haya hayana nguvu ya kuvunja chembe. Yakiwa makali sana hupasha joto, na nguvu yake hushuka haraka kadiri unavyokaa mbali. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa sababu ushahidi uliokuwepo ulikuwa mchache. Kwa hivyo nyanya hakuwa mwendawazimu, lakini busta haikuwa adui yake mkubwa.

Mionzi ya kweli iko pwani yetu, na haikuletwa na kampuni ya simu. Iko ardhini.

Shuka Likoni, pita Ukunda, endelea kusini Kwale kabla hujafika mpaka wa Tanzania. Huko kuna kilima cha Mrima. Kwa Wadigo ni kaya, msitu mtakatifu, mahali pa wazee na maombi. Kwa wanajiolojia, tangu miaka ya 1950, Mrima ni jina la madini: niobi, madini adimu, na thori. Hiyo thori ndiyo inayofanya udongo wa pale utoe mionzi kupita sehemu nyingi za dunia. Binadamu wa kawaida hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mazingira tu, yaani mawe, hewa, chakula na anga. Mrima inajulikana kimataifa kama moja ya sehemu ambazo kiwango hicho cha asili kinapitwa.

Mwaka 1991 kulichapishwa utafiti wa mionzi ya Mrima kwenye jarida la sayansi. Baadaye watafiti wakaingia mpaka ndani ya nyumba za udongo za wenyeji wakitafuta gesi mbili, radoni na thoroni. Gesi hizi hutoka kwenye urani na thori zilizomo ardhini, na pia kwenye kuta, kama ukuta umekandikwa kwa udongo wa pale pale. Hazina harufu, hazina rangi. Radoni ndiyo sababu kubwa ya saratani ya mapafu baada ya sigara katika nchi nyingi. Na dawa yake ya kwanza ni rahisi mpaka yachekesha: fungua dirisha, hewa ipite.

Umeliona hilo? Mionzi ya ndani ya nyumba hupunguzwa kwa kufungua dirisha, na nyanya alikuwa akilifunga ili kuizuia. Tena jiko la makaa liko ndani! Nyumba zetu za Mji wa Kale ni za matumbawe, na mawe ya aina hiyo kwa kawaida hayana urani wala thori ya kutisha. Lakini moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa ni sumu isiyohitaji mtaalamu. Hofu iliyokosa habari ilimpeleka upande wa hatari.

Sasa rudi Mrima ufikirie mzee wa kaya. Anajua kilima kina nguvu, ndiyo maana kinaheshimiwa. Mgeni anakuja na kifaa kinacholia ti-ti-ti, anapima, anaondoka. Kisha 2013 kampuni ya kigeni inapata leseni ya kuchimba, na mwaka huo huo serikali inaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye mahakama ya kimataifa ya uwekezaji, ikashindwa 2018, kwa sababu leseni ilikuwa imepatikana bila kufuata sheria za mazingira. Watu walibishana kuhusu thamani ya kilima mpaka ng'ambo. Je, ni mara ngapi mtu alikaa chini na mama wa Mrima, kwa Kidigo, akamwambia ukuta wa nyumba yake unatoa nini na afanyeje?

Songa mbele kidogo. Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami zinapiga Japani, mtambo wa Fukushima unaharibika. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ami yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa magari bandarini, akiulizwa kila siku barazani, "Hizo gari zenu hazina mionzi?" Swali la mzaha, lakini fikiria: Mombasa inakula kwa gari kuukuu za Japani. Matatu, probox, gari ya harusi, gari ya maiti, zote zimepita bandari ya Kilindini.

Safari hii kipimo kilikuwepo. Ukaguzi wa gari kabla ya kupakiwa melini Japani ukawa na kipengele cha mionzi. Kenya ilikuwa na sheria ya kinga dhidi ya mionzi tangu 1982, na 2019 ikapitishwa sheria mpya iliyounda mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Yaani kitu kikishakuwa cha biashara na kina jina la kutisha, vifaa hupatikana. Watu wakaendelea kununua gari, maneno yakapoa.

Lakini jamani, wakati tunachungulia gari za Fukushima, ng'ambo ya daraja la Makupa watoto walikuwa wakipumua sumu. Na sumu hiyo haikuwa mionzi kabisa.

Owino Uhuru, Mikindani. Mtaa wa mabati wenye watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari kilianza kazi ukutani mwao. Ndani ya betri ya gari kuna risasi. Ukiiyeyusha bila kuzuia moshi, risasi inatoka kama mvuke, inapoa, inageuka vumbi. Vumbi linatua juu ya mabati. Mvua ikinyesha, linashuka kwenye ndoo ya maji. Linakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchanga ambao mtoto anachezea kisha anatia kidole kinywani. Mfanyakazi analibeba kwenye shati mpaka kitandani kwake. Hii ndiyo maana halisi ya sumu ya nyumbani: haikuhitaji kubisha hodi.

Watu walilalamika. Kikohozi, mimba kuharibika, mifugo kufa. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa hapo, akasimamia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira. Ripoti ikasema kiwanda hakifai kuwa pale. Mwanawe mchanga akaugua, hospitali zikahangaika, mwishowe damu ikapimwa: risasi. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2012 akakamatwa kwa sababu ya maandamano. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Watafiti wa afya walipokuja kupima watoto wa Owino Uhuru na kuwalinganisha na watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa, waliwakuta wa Owino Uhuru na wastani wa risasi kwenye damu karibu mara mbili. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inagusa ubongo, na ikishaingia kwenye mifupa hukaa miaka na miaka.

Kesi ikaenda kortini 2016. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lawama ikagawanywa, na fungu kubwa zaidi, asilimia 40, likaenda kwa NEMA, mamlaka yenyewe ya kulinda mazingira. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17.

Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo stori yote. Watu wa Owino Uhuru hawakuwa na digrii. Walikuwa na macho, na kuku waliokufa. Waliuliza swali la nyanya, "ni nani alokuja kupima?", na yule aliyelipwa kwa kazi hiyo hakuja mapema. Kipimo kilipofika kiliwapa haki, lakini risasi ilikuwa ishaingia mifupani.

Sasa utaelewa kwa nini watu wa Uyombo, Kilifi, hawakutaka kusikia. Serikali ilipanga kujenga mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000 karibu nao. Wakaandamana, na 2024 wakakabiliana na polisi. Mwaka 2025 mipango ikageukia Siaya. Mtandaoni niliona vijana wa mjini wakiwacheka: "Hawa hawajui hata nyuklia ni nini, wanakataa maendeleo." Pole pole, ndugu yangu. Mtambo wa nyuklia na kiwanda cha betri si kitu kimoja, nakubali. Lakini Mvuvi wa Uyombo hakuhitaji kujua fizikia ya nyuklia. Alihitaji kujua tu vile ofisi zetu zilivyochunga kitu kidogo kama betri ya gari. Hiyo historia anaijua. Ukitaka akuamini kuhusu nyuklia, mwoneshe kwanza udongo wa Owino Uhuru ukiwa umesafishwa.

Upande wa pili, na sisi tujisute. Kuogopa kila kitu kwa pamoja ni sawa na kutoogopa chochote. Tunasambaza voisi za watsapu kuhusu busta na maikrowevu, huku mtoto anabandua rangi kuukuu ya mlango wa mbao, ambayo yaweza kuwa na risasi, na anaila. Tunafunga dirisha juu ya jiko la makaa. Tunachota maji kwenye kisima cha uani wakati kila mtu Mji wa Kale ajua matumbawe yana matundu, na choo cha jirani kiko hatua chache tu. Hakuna anayetengeneza video ya kutisha kuhusu kisima, kwa sababu kisima tumekizoea.

Mimi naomba jambo moja tu: hofu tuigeuze swali, na swali tulipeleke mahali. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na 2016 ikapitishwa sheria ya kuitekeleza. Maana yake waweza kuandika barua: busta hii imepimwa lini, na imesoma ngapi? Maji haya je? Kiwanda kile? Ukipewa namba, utajua kama ni ya kulala usingizi au ya kuhama. Ukinyimwa, basi hapo una sababu ya kupiga kelele, na kelele yako ina karatasi mkononi.

Nyanya alifariki kabla sijajua haya yote, Mungu amrehemu. Si kwa sababu ya busta. Ni uzee na pumu iliyomtesa miaka mingi. Mlingoti bado upo, ukiwa barazani kwetu wauona ukiwaka taa nyekundu usiku. Mwezi uliopita nilifungua lile dirisha lake. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi nitie mafuta. Upepo wa bahari ukaingia mpaka jikoni.

Barua nayo nimeiandika, ya kuuliza kipimo. Jibu bado. Mtaani kwenu, ni kitu gani watu wanakiogopa kila siku na hakuna aliyewahi kuja kukipima?