Kompaila Inaporudi Nyuma

Januari 1960 wataalamu 13 kutoka Ulaya na Marekani walikutana Paris kukamilisha lugha mpya ya kuandikia programu za kompyuta. Ripoti ya lugha hiyo, ALGOL 60, ilihaririwa na Peter Naur wa Denmark, na ndani yake mlikuwa na sarufi iliyopangwa kwa kanuni fupifupi, kwa mtindo ambao John Backus wa IBM alikuwa ameuwasilisha mwaka uliotangulia. Kanuni moja inaeleza usemi wa hesabu, nyingine inaeleza amri, nyingine programu nzima, na zote zinategemeana. Usemi unaweza kuwa na mabano, na ndani ya mabano mna usemi mwingine.

Waliotaka kuandika kompaila, yaani programu inayogeuza lugha hiyo kuwa maagizo ya mashine, waliona njia ya mkato. Kila kanuni iandikiwe utaratibu wake. Utaratibu wa amri ukifika penye usemi, uuite utaratibu wa usemi. Huo nao ukikuta mabano, ujiite wenyewe. Kazi inaanzia juu kabisa, kwenye programu nzima, na kushuka hadi kwenye neno mojamoja na alama mojamoja. Peter Lucas wa Vienna aliieleza njia hiyo mwaka 1961. Pasaka ya mwaka huohuo Naur, Edsger Dijkstra na Peter Landin walifundisha ALGOL 60 mjini Brighton, Uingereza, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa kijana wa kampuni ya Elliott Brothers, Tony Hoare.

Hoare alikuwa na kibarua kigumu: kuandika kompaila ya ALGOL kwa ajili ya Elliott 803, mashine ambayo kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 4,096 au 8,192 tu. Aliupanga muundo wa kompaila kwa ALGOL yenyewe, kama kundi la taratibu zinazoitana, kisha yeye na wenzake wakaugeuza kwa mkono kuwa maagizo ya mashine. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing mwaka 1980, alikiri kwamba bila wazo la utaratibu kujiita wasingeweza kuiandika kompaila hiyo hata kidogo.

Kompaila ile ilisoma programu mara moja tu, mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ugumu wa njia hii unapoonekana. Amri ikianza na jina, utaratibu unaoisoma haujui bado kama jina hilo linapewa thamani mpya au ni la kazi inayoitwa ifanyike. Unaweza kuchungulia neno linalofuata, au kuangalia jedwali la majina, ukaamua papo hapo. Au unaweza kubahatisha: shika chaguo la kwanza, likigonga mwamba rudi ulipoanzia, ushike la pili. Kubahatisha ni rahisi kueleza, lakini kompaila iliyokwisha kutoa maagizo na kuandikisha majina haiwezi kurudi bila kuyafuta yote hayo. Kwa mashine inayotoa maagizo huku ikisoma, maji yakimwagika hayazoleki.

Gharama nyingine ni muda, nayo huwa haionekani mapema. Tuseme sarufi inasema hivi: usemi ni kijenzi, alama ya kujumlisha na usemi, au ni kijenzi, alama ya kutoa na usemi, au ni kijenzi peke yake. Kijenzi nacho ni tarakimu, au usemi uliomo ndani ya mabano. Mpe mchanganuzi, yaani sehemu ya kompaila inayosoma programu kwa kufuata sarufi, anayebahatisha tarakimu 1 tupu. Atasoma kijenzi, akose alama ya kujumlisha, arudi. Asome kijenzi kilekile, akose alama ya kutoa, arudi. Asome mara ya tatu, afaulu. Izungushie ile 1 mabano, na kila jaribio la nje litazaa majaribio matatu ya ndani, kwa hiyo itasomwa mara 9. Yakiwa mabano ya tabaka tisa, tarakimu ileile moja itasomwa mara 59,049.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuipanga upya sarufi. Machaguo yote matatu yanaanza kwa kijenzi. Basi kijenzi kisomwe kwanza, ndipo ichunguliwe alama inayofuata. Ugonjwa mwingine ulihitaji dawa kali zaidi. Kanuni isemayo kwamba usemi ni usemi, alama ya kujumlisha na kijenzi, ni halali kabisa kwenye karatasi, na ALGOL 60 ilikuwa na kanuni za namna hiyo. Ikigeuzwa kuwa utaratibu bila kufikiri, utaratibu unajiita kabla haujasoma hata herufi moja, ukajiita tena, na tena, hadi kumbukumbu ijae. Waandishi wa kompaila walizoea kuubadilisha mzunguko huo kuwa kitanzi cha kawaida: soma kijenzi, kisha kila ukiona alama ya kujumlisha soma kingine.

Mwaka 1968 P. M. Lewis na R. E. Stearns walichapisha nadharia ya sarufi ambazo mchanganuzi anayeshuka anaweza kuzisoma bila kurudi nyuma kamwe, ilimradi achungulie idadi maalumu ya maneno mbele. Niklaus Wirth wa chuo cha ETH, Zurich, alilifanya wazo hilo kuwa sharti la ubunifu. Katika lugha yake ya Pascal, iliyotangazwa mwaka 1970, karibu kila amri inatambulika kwa neno lake la kwanza. Badala ya kumtwisha mwandishi wa kompaila kazi ya kurudi nyuma, Wirth aliunda lugha isiyo na haja ya kurudi.

Lakini kuna jambo ambalo kuchungulia mbele hakulitatui. Mchanganuzi anaweza kuona kila kitu na bado maana zikawa mbili. Msemaji wa Kiswahili akisikia "mtoto wa mwalimu aliyeugua", hajui aliyeugua ni yupi, kwa sababu mtoto na mwalimu wako ngeli moja. Ikiwa ni "gari la mwalimu lililoharibika", upatanisho unamaliza ubishi. Lugha za programu hazina ngeli, na ALGOL 60 iliumbuka mapema. Amri ya aina ya "kama A, basi kama B, basi fanya X, vinginevyo fanya Y" inazua swali: "vinginevyo" ni ya sharti la A au la B? Wabunifu walijaribu kuuziba mwanya huo kwa kukataza sharti lisifuate sharti lingine moja kwa moja, ila amri ya kurudia ikiwekwa katikati yao ilipenya. Ripoti iliyosahihishwa, iliyotoka miaka michache baadaye, ikabadilisha kanuni ili mwanya huo nao uzibwe.

Isitoshe, mwaka 1962 David Cantor na Robert Floyd walithibitisha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba haiwezekani kuwepo programu itakayopewa sarufi yoyote ya aina hii na kusema bila kukosea kama ina utata au haina. Tangu hapo ilijulikana kuwa wabunifu wa lugha hawatapata mashine ya kuwakagulia sarufi zao zote.

Waliochanganua lugha za binadamu waliupokea utata kwa namna nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Susumu Kuno na Anthony Oettinger walitengeneza kichanganuzi cha Kiingereza kilichofuata njia zote zinazowezekana na kuorodhesha kila tafsiri. Kilipopewa sentensi isemayo kuwa wakati unapaa kama mshale, kilikuta pia maana nyingine, mojawapo ikiwa kwamba kuna aina ya nzi wanaopenda mshale, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la kupaa na la nzi hufanana. Kwa mtafiti wa lugha hayo yalikuwa matokeo ya kuvutia. Kompaila haina anasa hiyo. Lazima itoe tafsiri moja.

Taratibu zinazoshuka zilikuwa na jibu lao la kimyakimya. Zikifika kwenye "vinginevyo", utaratibu unaoshughulikia sharti la ndani ndio ulio kazini, kwa hiyo ndio unaoliona neno hilo kwanza na kulichukua. Hivyo "vinginevyo" huenda kwa sharti lililo karibu. Pascal na C zikaufanya uamuzi huo kuwa sheria ya lugha.

Wakati huohuo, kurudi nyuma hakukufa. Mwaka 1964 D. V. Schorre alionyesha META II, lugha ya kuandikia kompaila iliyokataa kurudi: chaguo likianza vizuri kisha likwame, hilo ni kosa, basi. Mwaka uliofuata Robert McClure alitoa TMG, ambayo ilijaribu machaguo kwa mpangilio na kurudi pale ilipokwama. Doug McIlroy wa Bell Labs aliihamishia TMG kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7, ambako mfumo wa uendeshaji wa Unix ulikuwa unazaliwa, na Ken Thompson akaitumia kuandikia lugha ya B, mzazi wa C.

Alexander Birman, katika tasnifu yake ya Princeton ya mwaka 1970, aliipa njia ya TMG msingi wa kihisabati. Alfred Aho na Jeffrey Ullman wakaonyesha mwaka 1972 kwamba inawezekana kurudi nyuma bila kurudia kazi, mradi kila jibu liandikwe kwenye jedwali: kanuni ipi ilijaribiwa mahali gani, na ikaishia wapi. Katika mfano wa mabano, kijenzi kingesomwa mara moja tu, na majaribio mengine yangechukua jibu lililokwisha kuandikwa. Ila jedwali hilo hukua kadiri programu inavyorefuka, na kumbukumbu ya miaka ile ilikuwa ghali. Wazo likakaa vitabuni.

Miaka 30 baadaye kumbukumbu ilikuwa bei poa. Bryan Ford wa MIT alilifufua wazo hilo mwaka 2002, na mwaka 2004 akaongeza aina ya sarufi ambayo machaguo yake yana foleni: la kwanza likifaulu, linalofuata halitazamwi. Utata unaondoka kwa amri. Hata hivyo kosa la mwandishi linaweza kujificha humo, kwani chaguo fupi likitangulizwa mbele ya refu linaloanza vilevile, lile refu halitafikiwa kamwe, na hakuna atakayeonywa.

Mwaka huohuo wa 2004, toleo la 3.4 la kompaila ya GCC liliacha kichanganuzi cha lugha ya C++ kilichozalishwa na programu nyingine, likaleta kilichoandikwa kwa mkono kwa taratibu zinazoshuka. Katika C++, T(x) yaweza kuwa kutangaza jina x la aina T, au kuigeuza x iwe ya aina T. Kanuni ya lugha inasema kinachoweza kuwa tangazo ni tangazo. GCC huweka alama pale ilipo, hunyamazisha ujumbe wa makosa na kujaribu. Ikishindwa hurudi kwenye alama yake.

Python iliishi kwa kuchungulia neno moja mbele kwa takriban miaka 30, hadi toleo la 3.9 la Oktoba 2020 lilipohamia kwenye sarufi ya foleni yenye jedwali la kumbukumbu. Mwaka mmoja baadaye lugha hiyo ilipata amri mpya inayoanza kwa neno match. Mchanganuzi akikuta match (x), hujaribu kwanza kuisoma kama amri hiyo. Asipokuta nukta mbili baada yake, hurudi mwanzo wa mstari na kuisoma kama kazi ya kawaida yenye jina hilo. Programu za zamani zilizotumia match kama jina, pamoja na re.match ya maktaba ya Python yenyewe, hazikuhitaji kuguswa.