Mlevi wa Kariakoo mbele ya Serikali na Kanisa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza darasani: ni lini watu walianza kumhesabu mlevi kuwa mgonjwa? Nilimjibu upesi kwamba ni jambo la juzi, lililoletwa na madaktari. Jibu hilo halikuwa sahihi, na makala hii ni jaribio la kulirekebisha. Nimechagua eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu nililihudumia kwa miaka kadhaa, na pia kwa sababu historia ya pombe ya mji huo inaonekana pale waziwazi.

Msomaji anajua kwamba jina Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Wajerumani walikuwa wamejenga pale jengo la soko kabla ya vita ya 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wao waliwekwa mahali hapo, na jina likabaki. Mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyoka, zikajengwa nyumba za Waswahili zenye vyumba vya kupangisha, ukumbi katikati na ua nyuma. Wenyeji wengi walikuwa Waislamu. Wageni kutoka bara, wakiwamo Wakristo wa kwetu, walikuja kutafuta kazi ya bandarini, ya nyumbani kwa Wazungu na ya sokoni. Wengi waliacha wake na wazee wao nyumbani. Nadhani jambo hili lina uzito kuliko tunavyolipa. Kijijini pombe ilikuwa na mwenyewe na siku yake: mavuno, mahari, matanga. Mzee aligawa kibuyu, na kijana alisubiri zamu yake. Mjini mpangaji alinunua kwa senti zake, siku aliyotaka, wala hapakuwa na mzee wa kumwambia basi.

Serikali za kikoloni zilikuwa na hofu ya namna nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka masharti juu ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, na Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukayakaza. Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Waingereza, Mwafrika alizuiwa kunywa pombe kali ambayo jirani yake Mzungu aliinunua dukani bila kificho. Sheria ilitazama rangi ya mnywaji, si kiasi alichokunywa. Pombe za nafaka ziliruhusiwa kwa leseni na kwa saa zilizopangwa, nazo ziliingiza fedha. Wanawake waliopika uani bila leseni walikamatwa na kutozwa faini, kisha wakarudi kupika, maana kodi ya chumba na ada ya shule vilitoka katika pipa hilo hilo. Ni vigumu kuwahukumu. Wakati huo huo, mwaka 1933, kiwanda cha bia kilianzishwa mjini humo humo.

Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi katika unywaji, lakini haukubadili namna ya kufikiri. Sheria ya Moshi ya 1966 ilishughulikia gongo, na Sheria ya Vileo ya 1968 ikashughulikia leseni na saa za kufungua vilabu. Kiwanda cha bia kiliingia mikononi mwa umma baada ya Azimio la Arusha, kisha mwaka 1993 sehemu yake kubwa ikauzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini. Hata Darbrew, watengenezaji wa chibuku, kwa muda mrefu walikuwa na Jiji lenyewe kama mwenye hisa. Viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali ambazo kijana aliweza kuzificha mfukoni, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo mbele ya dola mlevi alikuwa ama chanzo cha mapato ama mvunja amri, na mara nyingi vyote viwili kwa siku moja.

Na Kanisa je? Sisi tulikuwa na kitabu cha nidhamu. Mlevi alionywa na wazee, kisha akatengwa na Meza ya Bwana, akarudishwa baada ya kutubu hadharani na kuahidi kuacha. Utaratibu huu ulisaidia baadhi ya watu, sikatai. Lakini niruhusiwe kusimulia kosa langu mwenyewe. Fundi viatu mmoja, aliyekuwa akifanya kazi barazani si mbali na soko, alikuja kwangu akitaka kurudi kundini. Nilimtaka aache pombe siku ile ile, akaapa mbele ya wazee, nasi tukamsifu. Siku ya pili alitetemeka hata asiweze kushika sindano. Usiku alianguka kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho. Siku ya tatu aliona wadudu ukutani na hakumtambua mwanawe. Nilipofika, wazee walikuwa wameanza kukemea pepo. Mkewe akaniuliza, "Baba Mchungaji, mbona hukuniambia nimpeleke hospitali kwanza?" Sikuwa na jibu.

Lililompata linafahamika vema katika utabibu. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku hubaki umechemka pombe inapoondolewa ghafla. Kifafa huweza kutokea katika siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kwa hatari huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Asiyetibiwa anaweza kufa. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Kumbe kiapo nilichomdai kingeweza kumwua.

Hapa ndipo jibu langu kwa yule mwanafunzi linapoanguka. Mwaka 1976 Griffith Edwards na Milton Gross walieleza katika jarida la madaktari wa Uingereza dalili za utegemezi wa pombe, na mojawapo ni kunywa ili kuondoa mateso ya kukosa pombe. Lakini watu wa mitaani kwetu wana neno kwa kile kinywaji cha asubuhi kinachotuliza maumivu ya jana: kuzimua. Anayezimua kila asubuhi wanamwonyesha kidole na kusema huyu amekwisha kushikwa. Walimtofautisha mnywaji na aliyeshikwa bila kumngoja daktari. Tuliokosa masikio ni sisi wa madhabahuni.

Tulikosa pia kumbukumbu. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tulikuwa na mahali pa kumlaza aliyechanganyikiwa kabla ya kuwa na Kanisa moja la Kilutheri nchini mwaka 1963. Tena Frank Buchman, ambaye mikutano yake ya kuungamana ilimgusa Bill Wilson kabla ya chama cha walevi waliopona kuanza Akron, Marekani, mwaka 1935, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Hatua za chama hicho, kukiri kushindwa, kuungama kwa mtu mwingine, kuwaendea uliowakosea, zinafanana mno na tunayofundisha juu ya toba. Tofauti ni kwamba aliyeanguka huambiwa arudi kikaoni jioni ile ile. Sisi tulimwambia akae nje miezi sita.

Maswali kumi ya AUDIT, yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwamo, yamejaribiwa kwa Kiswahili kule KCMC, Moshi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Nimeyaweka katika somo la uchungaji, na wanafunzi huyajibu wao wenyewe kwanza, jambo ambalo limeleta ukimya darasani zaidi ya mara moja. Yule fundi alilazwa siku tisa, akatoka mzima. Alianguka tena mara mbili katika mwaka uliofuata. Mara zote mbili alikuja mwenyewe, wala jina lake hatukulisoma kanisani.