Kongo Ipi? Historia ya Majina Yaliyobadilika na Watu Waliobaki Palepale

Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi, swali linalofuata jina ni hili: umezaliwa wapi? Kijana hujibu bila kufikiri. Mzee wa Kalemie hawezi kujibu haraka hivyo. Karatasi yake ya zamani inasema Albertville. Mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1975 ana cheti cha Kalemie, jimbo la Shaba. Mjukuu wa mwaka 2000 ameandikwa Kalemie, jimbo la Katanga. Kitukuu wa mwaka 2016 ameandikwa Kalemie, jimbo la Tanganyika.

Hao ni watu wanne wa ukoo mmoja, waliozaliwa kwenye ufuko uleule wa ziwa. Kwenye karatasi wanaonekana kama wametoka sehemu nne. Karani asiyejua historia anaweza kuuliza kwa mashaka kama kweli ni jamaa. Na akisikia Tanganyika tupu, anaweza kudhani hao ni watu wa Tanzania.

Kwa mtu aliyeacha nyumba na karatasi moja tu mfukoni, jambo hilo si dogo. Jina la mahali ndilo ushahidi wake, ndilo linalomuunganisha na watoto waliopotelea njiani, na siku ya amani ndilo litakalomrudisha kwenye shamba lake. Kwa hiyo inafaa kujua majina ya Kongo yalitoka wapi, nani aliyabadilisha, na watu wa kawaida walifanya nini ili wasipotezane.

Jina moja, nchi mbili

Jina Kongo ni la zamani kuliko mipaka yote iliyopo leo. Lilikuwa jina la ufalme wa Wakongo, ambao mji wake mkuu, Mbanza Kongo, leo uko ndani ya Angola. Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa mto mwaka 1482. Kutoka kwa ufalme huo, jina likaenda kwenye mto, na kutoka kwenye mto likapanda juu mpaka kwa watu ambao hawakuwahi kutawaliwa na mfalme wa Kongo hata siku moja: Washi, Wabembe, Wanande, Waluba na wengine wengi.

Wazungu walipogawana Afrika, mto ukawa mpaka. Ng'ambo ya kulia, Pierre Savorgnan de Brazza alifanya mkataba na Makoko wa Wateke mwaka 1880, na Ufaransa ikachukua upande huo. Ng'ambo ya kushoto, Henry Morton Stanley alimfanyia kazi Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1885 upande wa Leopold ukaitwa Dola Huru la Kongo, na mwaka 1908 ukawa Kongo ya Wabelgiji. Upande wa Ufaransa nao uliitwa Kongo ya Kati. Tangu hapo mbegu ya mchanganyiko ilikuwa imepandwa.

Ikazaa matunda wakati wa uhuru. Tarehe 28 Novemba 1958, upande wa Brazzaville ulijitangaza kuwa Jamhuri ya Kongo, ukiwa bado chini ya Ufaransa. Tarehe 30 Juni 1960, upande wa Léopoldville ulipata uhuru na kuchukua jina lilelile: Jamhuri ya Kongo. Tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, Brazzaville nayo ikawa huru kabisa. Hakuna aliyekubali kumwachia jirani jina, kwa sababu kila mmoja aliona ana haki nalo. Umoja wa Mataifa uliwapokea wote siku moja, tarehe 20 Septemba 1960.

Suluhisho lilikuwa rahisi. Katika maandishi ya Umoja wa Mataifa, kando ya jina Kongo pakawekwa jina la mji mkuu: moja ikawa ya Léopoldville, nyingine ya Brazzaville. Hakuna aliyenyang'anywa jina. Kiliongezwa kitu kidogo tu cha kumwonyesha msomaji njia.

Kamusi elezo za leo kwenye intaneti zinafanya kazi hiyohiyo. Mtu akiandika neno Kongo katika Wikipedia ya Kiingereza, hapelekwi moja kwa moja kwenye nchi moja. Anaonyeshwa orodha ya maana zake, achague mwenyewe.

Zaire: dawa iliyoleta ugonjwa mwingine

Serikali zilijaribu kutafuta dawa yao. Katiba ya tarehe 1 Agosti 1964, inayojulikana kama Katiba ya Luluabourg, iliongeza neno moja: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi uliofuata, waasi wa Simba walitangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo kule Stanleyville. Haikufika mwisho wa mwaka. Lakini kuelekea mwaka 1970 Brazzaville ikachukua jina lilelile, Jamhuri ya Watu wa Kongo, na kukaa nalo mpaka 1991. Anayesoma karatasi ya zamani yenye jina hilo lazima kwanza aangalie tarehe, ndipo ajue ni ng'ambo ipi ya mto.

Tarehe 27 Oktoba 1971, Rais Mobutu alikata shauri kubwa zaidi: nchi ikaitwa Zaire. Alisema anarudisha uasilia wa Kiafrika. Hata hivyo, neno lenyewe ni matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo nzadi, maana yake mto mkubwa.

Haki itendeke: jina Zaire liliondoa mchanganyiko wa Kongo mbili kwa muda wa miaka 25. Lakini lilileta mwingine. Fedha ilikuwa imeshaitwa zaire tangu 1967. Sasa nchi ikawa Zaire, na mto ukawa Zaire. Upande wa pili wa maji, watu wa Brazzaville waliendelea kuuita mto Kongo. Abiria aliondoka Kinshasa juu ya mto Zaire, akashuka Brazzaville kutoka mto Kongo, na maji yalikuwa yaleyale. Tena Angola ina jimbo linaloitwa Zaire mpaka leo.

Tarehe 17 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila alirudisha jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku hiyo mchanganyiko wa zamani nao ulirudi, na dawa ya zamani ikarudi pamoja nao: Kongo-Kinshasa, Kongo-Brazzaville. Lakini watu waliozaliwa kati ya 1971 na 1997 walibaki na vyeti vya nchi ambayo haimo tena kwenye ramani. Wengi wa baba na mama walioko kambini leo ni wa umri huo.

Miji yaliyovuliwa nguo za wafalme

Wabelgiji walikuwa wamejaza ramani majina ya wakubwa wao. Léopoldville lilikuwa la mfalme Leopold. Albertville lilikuwa la mfalme Albert. Élisabethville lilikuwa la malkia Elisabeth, mke wake Albert. Stanleyville lilikuwa la Stanley. Jadotville lilikuwa la Jean Jadot, mkubwa wa shughuli za migodi ya Katanga. Mji wa Bukavu nao uliitwa Costermansville, kabla haujarudishiwa jina lake katika miaka ya 1950.

Mwaka 1966 serikali iliamua majina hayo yaondoke. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Mengi ya majina hayo mapya hayakuwa mapya. Kinshasa lilikuwa jina la kijiji kilichokuwepo kabla ya Stanley kufika. Lubumbashi ni jina la mto. Wenyeji walikuwa wanayatumia nyumbani na sokoni wakati karatasi za ofisi zikisema mengine.

Ni vigumu kumlaumu mtu aliyeona aibu kuandika jina la Leopold juu ya barua yake, baada ya yale babu zake waliyoyapata kwenye kazi ya mpira. Lakini ng'ambo ya pili waliamua tofauti. Brazzaville haikubadilisha jina, na mwaka 2006 mabaki ya de Brazza yaliletwa na kuzikwa upya mjini humo.

Baada ya miji ikaja zamu ya majimbo. Katanga ikawa Shaba, neno la Kiswahili linalojulikana na kila mchimbaji. Vita vya 1977 na 1978 vilisikika duniani kwa jina hilo, na leo mwanafunzi akilitafuta jimbo la Shaba kwenye ramani halioni. Jimbo la Mashariki likawa Zaire ya Juu, kisha likarudi kuwa la Mashariki. Mwaka 1973 Ziwa Albert likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Wavuvi wa Vitshumbi waliendelea kutupa nyavu zao palepale.

Hata watu walibadilishwa. Mwaka 1972 serikali iliamuru majina ya Kikristo yaachwe, na Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Ndiyo sababu wazee wengi wana jina moja kwenye kadi ya ubatizo na jingine kwenye kitambulisho.

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mwaka 2015 nchi nzima ikatoka kwenye majimbo 11 na kuwa na 26, pamoja na Kinshasa. Katanga ikazaa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Jimbo la Mashariki likazaa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele.

Neno dogo la "centre"

Wakati wakubwa wakibadilisha ramani, watu wa chini walikuwa na shida yao ya kila siku. Huku mashariki, jina moja mara nyingi linabeba vitu viwili au vitatu. Masisi ni wilaya nzima, na pia ni mji mdogo ndani yake. Fizi ni vivyo hivyo, na Rutshuru pia. Goma ni mji, na pia ni moja ya komini mbili za mji huo. Ya pili ni Karisimbi, ambalo pia ni jina la mlima wa volkano. Nyiragongo ni volkano, na ni wilaya. Beni ni mji unaojitegemea, na ni wilaya ambayo makao yake makuu yako Oicha.

Radio ikitangaza kwamba risasi zimesikika Masisi, mama aliyeko kambini hajui alie au anyamaze. Je, ni kijijini kwao, au ni mbali na kwao kwa mwendo wa siku mbili? Ndiyo maana watu wakaanza kusema Masisi-centre, Fizi-centre, Rutshuru-centre. Mtu wa Beni huulizwa mara moja: Beni mjini au Beni wilayani? Njia ni ileile iliyotumika kwa Kongo mbili mwaka 1960: jina linaachwa kama lilivyo, linaongezewa neno moja linalotenganisha.

Historia hii inaonyesha jambo moja waziwazi. Kila mara jina lilipofutwa na jingine kuwekwa bila kumbukumbu ya lile la kwanza, aliyelipa ni mtu wa kawaida mwenye cheti cha zamani. Wanaosema majina ya ukoloni yaondoke wana haki yao, kwa sababu jina ni heshima. Wanaosema mabadiliko ya kila mara yanapoteza watu nao wana haki yao, kwa sababu jina ni njia. Mambo hayo mawili hayagombani pale jina la zamani linapoandikwa kando ya jipya.

Hilo linawezekana hata kwenye meza ya kambini. Mzee anaweza kusema: "Mwanangu, andika Kalemie, zamani Albertville. Jimbo ni Tanganyika, zamani Katanga, kati yake Shaba." Mama wa Masisi anaweza kutaja wilaya, kisha kijiji, kisha mto, soko au parokia iliyo karibu. Aliyezaliwa wakati wa Zaire anaweza kuomba iandikwe Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Na wazazi wanaweza kuwafundisha watoto majina yote ya kwao, ya zamani na ya sasa, kabla wazee wanaoyakumbuka hawajaondoka.

Serikali inaweza kubadilisha jina tena kesho. Familia iliyoyashika majina yote mawili itaendelea kutambuana, na atakayetafuta ndugu yake atajua wapi pa kuulizia.