Mkopo wa Reli ya Kisasa na Masharti Yake

Reli ya SGR, ipitayo Emali, Kibwezi na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mkataba wake ulitiwa sahihi jijini Nairobi mnamo Mei 2014, wakati wa ziara ya Waziri Mkuu Li Keqiang. Masharti yalibaki siri hadi Novemba 2022, serikali ilipochapisha sehemu yake: mizozo itaamuliwa Beijing. Deni lilikuwa la dola, na shilingi ilipodhoofika mzigo ukazidi. Oktoba 2025 Hazina ya Kitaifa ilitangaza kuligeuza kuwa la yuan.

China yenyewe iliwahi kukikalia kiti cha mdaiwa. Mnamo Aprili 1913 serikali ya Yuan Shikai, iliyoishiwa fedha, ilikopa pauni milioni 25 kwa benki za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Japani, ikaweka rehani kodi ya chumvi. Wageni walishirikishwa kuisimamia kodi hiyo, Bunge halikuulizwa.

Nchini Kenya, rehani ya aina hiyo haiko mbali na mwananchi. Ushuru wa reli hutozwa bidhaa ziagizwazo kutoka nje, hivyo hata mnunuzi wa mjini Kitui, ambako hakuna kituo cha reli hiyo, huchangia.