Volkano ya Santorini ililipuka lini? Mashahidi hawaelewani

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Twende Ugiriki. Si ile Ugiriki ya Sokrates na Plato tuliyosimuliwa shuleni. Twende nyuma zaidi, miaka zaidi ya elfu moja kabla Sokrates hajazaliwa, kwenye visiwa vya Bahari ya Aegean.

Mwandishi wa habari yeyote hufundishwa maswali yale yale: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na kwa namna gani. Hilo la "lini" huonekana jepesi kuliko yote. Unatazama kalenda, unaandika "juzi Jumanne", unasonga mbele. Sasa sikiliza hii: wasomi wa historia ya kale ya Aegean wamekuwa wakibishana juu ya "lini" moja tu kwa miongo kadhaa, na ubishi haujaisha. Nimeufuatilia ubishi huo kwa muda, na nadhani una mengi ya kutufundisha hata sisi ambao habari zetu ni za juzi Jumanne.

Kwanza tukio lenyewe. Kisiwa cha Thera, ambacho watalii wanakiita Santorini, ni ukingo wa volkano. Katika Zama za Shaba volkano hiyo ililipuka kwa nguvu ya kutisha. Wanajiolojia wanakadiria kwamba ilitapika zaidi ya kilomita za ujazo 30 za mwamba ulioyeyuka. Sehemu ya katikati ya kisiwa ilididimia, bahari ikaingia. Mji wa Akrotiri ukafukiwa na majivu. Huu haukuwa mji wa mchezo: nyumba za ghorofa, mitaro ya maji machafu chini ya barabara, na kuta zilizochorwa nyani, mbayuwayu na vijana waliobeba samaki.

Mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mji huo mwaka 1967. Ndani ya nyumba hakukuta maiti kama zile za Pompeii. Tetemeko lilikuwa limetangulia, watu wakatoka, baadhi wakarudi kuondoa kifusi na kutoa vitanda nje, kisha wakaondoka tena. Walikuwa wameonywa na ardhi yenyewe.

Marinatos alikuwa na nadharia yake tangu mwaka 1939, alipoandika kwamba mlipuko wa Thera ndio ulioangamiza ustaarabu wa Minoa kule Krete, kilomita zipatazo 110 kusini. Ni simulizi tamu. Volkano inalipuka, tsunami inapiga, majumba ya kifalme yanaanguka, dola linakwisha. Filamu nzima hiyo. Wengine wakaongeza na kisiwa cha Atlantis juu yake.

Simulizi hiyo iliuawa na swali la "lini". Vyombo vya udongo vya Krete hubadilika mtindo kizazi hadi kizazi, kama nguo. Majumba mengi ya Krete yalipoteketea, watu walikuwa wakitumia vyombo vilivyopambwa kwa pweza na viumbe wengine wa baharini. Akrotiri hakuna pweza hao. Mji ulifukiwa kabla mtindo huo haujaanza. Halafu kule Mochlos, kaskazini mashariki mwa Krete, majivu ya Thera yalikutwa chini ya majengo ya kipindi cha pweza. Maana yake watu wa Krete waliona majivu yakianguka, wakaendelea kuishi na kujenga juu yake. Majumba yalikuja kuungua baadaye sana, watoto na wajukuu wa walioona mlipuko wakiwa wameshakuwa watu wazima. Volkano inaweza kuwa iliwadhoofisha, hasa kwa kuharibu bandari na biashara, lakini haikuwa ndiyo iliyochoma majumba. Mpangilio wa matukio ukiyumba, sababu nayo inayumba.

Sawa, tunajua nini kilitangulia nini. Lakini ni mwaka gani hasa? Hapo ndipo penye ugomvi.

Watu wa Krete na Thera waliandika, lakini maandishi yao, yanayoitwa Linear A, hadi leo hayajasomeka. Kwa hiyo wanaakiolojia waliazima kalenda kwa jirani. Jirani huyo ni Misri, ambako kuna orodha za mafarao na miaka ya utawala wao. Chombo cha Krete kikikutwa kwenye kaburi la Misri, au cha Misri kikikutwa Krete, unafunga kamba kati ya sehemu hizo mbili. Kwa kamba hizo wasomi walifikia takriban mwaka 1500 KK, mwanzoni mwa nasaba ya 18, ile iliyoanzishwa na Farao Ahmose.

Kamba hizo zimeshikiliwa na mashahidi kama bakuli moja jeupe la Saiprasi, lililopatikana Thera katika karne ya 19. Bakuli za aina hiyo, kwa hesabu ya Misri, hazionekani mapema sana, kwa hiyo mlipuko nao hauwezi kuwa wa mapema sana. Tatizo ni kwamba bakuli lenyewe limepotea. Kilichobaki ni picha na maelezo. Shahidi mwingine ni mawe yale mepesi ya volkano yanayoelea majini, yaliyokutwa Tell el-Dab'a kwenye delta ya Nile, ambako Manfred Bietak na wenzake wamechimba kwa miaka mingi. Mawe ni ya Thera kweli, na yalikuwa kwenye tabaka za nasaba ya 18. Lakini mawe yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi yanaweza kuokotwa na fundi wakati wowote, hata miaka mia moja baadaye. Yanasema mlipuko ulikuwa umeshatokea. Hayasemi ulitokea lini.

Upande wa pili wakaja wanasayansi na mashahidi wao. Mwaka 1987 watafiti wa barafu ya Greenland walitangaza kwamba wameona alama ya asidi ya volkano kubwa karibu na mwaka 1645 KK. Wengi wakasema: ndiyo hiyo, Thera! Mwaka 2004 chembe za kioo cha volkano kutoka kwenye barafu hiyo zilipimwa upya, zikaonekana ni za Aniakchak, volkano ya Alaska. Barafu haikusema uongo. Iliulizwa kuhusu Thera, ikajibu kuhusu Marekani.

Kisha likaja tawi la mzeituni. Mwaka 2002 lilipatikana kwenye ukuta wa mwamba wa Santorini, likiwa limefukiwa ndani ya tabaka la mlipuko. Walter Friedrich na wenzake walilipima kwa kaboni-14. Kila kiumbe hai hupokea kaboni hiyo kutoka hewani, na kikifa huanza kupungua kwa kasi inayojulikana, nusu yake ikiisha kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mwaka 2006 wakachapisha jibu: kati ya 1627 na 1600 KK. Takriban karne nzima kabla ya tarehe ya wanaakiolojia!

Mwaka uliofuata, Novemba 2007, pande zote zilikutana Sandbjerg nchini Denmark. Kitabu cha mkutano huo kilitoka mwaka 2009, na jina lake kwa Kiswahili ni kama "Muda Umekwisha!" Muda haukuwa umekwisha hata kidogo. Wapo waliosema mzeituni hauhesabiki pete zake vizuri kama miti mingine. Wengine wakasema tawi linaweza kukauka likiwa bado juu ya mti, likakaa miaka mingi kabla ya kufukiwa. Wanasayansi nao wakauliza: je, mtauamini upi, mti tulionao mkononi au bakuli lililopotea?

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 2018, na haikutoka Ugiriki. Vipimo vya kaboni-14 havitoi mwaka moja kwa moja. Ni lazima vilinganishwe na miti ambayo umri wake unajulikana pete kwa pete. Zamani mlinganisho huo ulitumia mafungu ya pete kumi au zaidi kwa pamoja. Charlotte Pearson wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walipima miti ya kale ya Marekani na Ireland kwa uangalifu zaidi, pete moja moja. Wakagundua kwamba kwa kipindi hiki hasa, mizani yenyewe ilikuwa imeegemea upande. Mizani ikirekebishwa, vipimo vile vile vya Thera vinaweza kuangukia kati ya 1600 na 1525 KK. Mlinganisho wa kimataifa uliotolewa mwaka 2020 ukajumuisha vipimo vipya vya aina hiyo.

Yaani tawi lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni rula.

Tangu hapo mashahidi wapya wamezidi kuja. Huko Çeşme, pwani ya Uturuki, watafiti wakiongozwa na Vasıf Şahoğlu wa Chuo Kikuu cha Ankara waliripoti mifupa ya kijana mmoja wa kiume na mbwa, wakiwa wamenaswa kwenye kifusi cha tsunami. Ni nadra mno kumpata mtu aliyeuawa na tukio hili. Vipimo vya eneo hilo vinaonyesha kwamba maafa hayakutokea kabla ya 1612 KK. Na mwaka 2025 Hendrik Bruins na Johannes van der Plicht walichapisha vipimo vya vitu vya Misri vilivyoko makumbusho, likiwemo tofali la udongo lenye jina la Farao Ahmose. Jibu lao: Ahmose ni wa baadaye kuliko mlipuko wa Thera. Wapo waliokuwa wakidai kwamba jiwe la maandishi la Ahmose, linaloeleza dhoruba kali na giza, linasimulia majivu ya Thera. Kama tofali liko sahihi, dai hilo halina miguu.

Ukitazama sasa, kila upande umesogea. Ile 1645 KK imepoteza shahidi wake mkuu. Ile 1500 KK nayo inazidi kuwa ngumu kuitetea. Wapo wanaosimama karibu na 1600 KK, kama Sturt Manning wa Chuo Kikuu cha Cornell, na wapo wanaoona katikati ya karne iliyofuata inawezekana. Pengo la zaidi ya miaka mia moja linaelekea kuwa la miongo michache. Hakuna aliyeshinda kwa kupiga kelele. Kila aliyeleta shahidi alikubali shahidi wake ahojiwe na wapinzani.

Unaweza kuniuliza, miongo michache ya nini wakati watu wote hao walishakufa? Ina maana. Ukiweka mlipuko mapema, mabaharia wa Thera walifanya biashara na Misri iliyogawanyika, kaskazini ikitawaliwa na wageni wa Hyksos. Ukiusogeza mbele, wanakutana na Misri iliyoungana na yenye nguvu. Ni dunia mbili tofauti.

Halafu kuna walio hai. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Santorini ilitikiswa na matetemeko mfululizo kwa wiki kadhaa, na zaidi ya watu 11,000 wakaondoka kisiwani. Shule zikafungwa, feri zikajaa. Mtu anayeamua kama watu wahame au wabaki anahitaji kujua volkano hii huchukua muda gani kujiandaa, na hutoa dalili gani kwanza. Sehemu ya jibu imo kwenye majivu ya Akrotiri, kwenye vitanda vilivyotolewa nje na kuachwa hapo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikutana na mwaka umeandikwa kwa herufi nzito kwenye kitabu au gazeti, uliza swali moja dogo: nani kasema, na kaupimaje? Kama ni bakuli, liko wapi? Kama ni rula, nani kaikagua?