Kuhama, kuhamia na kuhamishwa

Juzi hapa Nyasura, Bunda, mdogo wangu anayesoma sekondari aliniuliza tofauti ya emigrate na immigrate. Nikajibu kwa maringo ya mtu anayekula kwa kalamu: la kwanza linatazama ulikotoka, la pili linatazama unakofika. Mtu ni yule yule, safari ni ile ile. Kiswahili nacho kinalo hilo, tena kwa herufi moja tu. Unahama Bunda, unahamia Mwanza.

Bibi alikuwa pembeni anachambua dagaa. Akauliza, "Na sisi tuliohamishwa, hicho Kiingereza chenu kinatuitaje?"

Sikuwa na jibu. Maneno yote mawili niliyoyafundisha yanadhani msafiri ameamua mwenyewe kusafiri.

Tukumbushane kidogo. Septemba 1967, miezi saba baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake kuhusu ujamaa vijijini. Alisisitiza kwamba watu waingie kwenye vijiji hivyo kwa hiari, wakishaelewa faida yake, na kwamba asilazimishwe mtu. Naam, hapo kitenzi kilikuwa kuhamia. Tatizo ni kwamba wengi hawakuhamia.

Novemba 1973 lugha ikageuka. Kuishi vijijini kukawa amri, na kazi ikatakiwa iishe kabla ya mwisho wa 1976. Kampeni zikaitwa operesheni, jina la kijeshi hasa. Mkoa wetu wa Mara, nyumbani kwa Mwalimu mwenyewe, ulifikiwa mwaka 1974. Katika baadhi ya maeneo nchini nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Kwa takwimu za serikali, wakazi wa vijiji hivyo walipanda kutoka kama milioni 2 mwaka 1973 hadi milioni 13 mwaka 1977.

Tusimwonee Mwalimu. Shabaha ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, maji na zahanati, na Bibi hakatai hilo. "Mama yako alisoma kwa sababu shule ilikuwa jirani," ananiambia. Halafu anaongeza, "Lakini mjukuu wangu, hakuna aliyeniuliza." Yote mawili ni kweli, na la kwanza halifuti la pili.

Kwa nini nawasumbua na sarufi? Kwa sababu ubishi huu haujaisha. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti na kupelekwa Ngorongoro. Juni 2022 familia zikaanza kutolewa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali ikasema wanahama kwa hiari, watetezi wa haki wakasema wanahamishwa. Utadhani wanagombania silabi. Kumbe wanagombania nani aliamua, na kwa hiyo nani atawajibika mambo yakiharibika.

Sisi waandishi tunapenda kitenzi chepesi. Tunaandika "wakazi walihamia kijiji kipya", habari inaisha, na aliyewahamisha anapotea ndani ya sentensi. Kuanzia sasa kabla sijaandika walihama nitawauliza wenyewe.

Mdogo wangu alipata alama zake. Mimi bado nina deni kwa Bibi.