Gari Inavuja Mafuta ya Steringi? Historia Ilishakujibu

Wasee, kuna tabia moja hapa Nairobi lazima tuiongelee. Gari ya zamani inaanza kudondosha mafuta ya steringi, mwenyewe anaona doa jekundu pale anapoegesha, na badala ya kutafuta inavuja wapi, ananunua chupa ya ATF anaitupa kwa buti. Kila Jumatatu anaongeza kidogo. Ati ndio ametengeneza. Mimi naona huo ni mkopo, na riba yake ni pampu.

Hebu turudi nyuma kiasi, juu hii stori ni tamu.

Gari za mwanzo hazikuwa na msaada wowote kwa usukani. Kukata kona na lori ilikuwa kazi ya mabega. Marekani kulikuwa na injinia anaitwa Francis Davis, amesoma Harvard, anafanya upande wa malori kwa kampuni ya Pierce-Arrow. Aliona vile madereva wanateseka, akaacha kazi, akakodi karakana ndogo pale Waltham, Massachusetts, akaanza kujaribu akisaidiana na fundi mmoja, George Jessup. Ukiniuliza, hiyo ni jua kali tu, ni vile kulikuwa na baridi.

Kutumia mafuta yenye presha kusaidia mikono halikuwa wazo gumu. Kitu ngumu ilikuwa kuvuja. Ukifungia mafuta ndani ya presha kubwa muda wote, hata wakati hugeuzi kitu, yatatafuta tu mahali pa kutokea. Davis akapindua hesabu: valvu ikae wazi, mafuta yazunguke bila kusumbuliwa, na presha ipande pale tu unapogeuza usukani. Ukinyoosha, inashuka. Mpaka leo, steringi za mafuta zinafanya kazi kwa wazo hilo. Yaani mtu aliyetupatia usukani mwepesi hakutafuta dawa ya kuongeza mafuta. Aliuliza kwanza kwa nini yanatoka.

Mwaka wa 1926 aliendesha gari yake ya Pierce-Arrow, ikiwa na huo mtambo, akaionyesha wakubwa wa General Motors kule Detroit. Wakaipenda, wakaingia mkataba naye. Lakini uchumi ulipoanguka, wakapiga hesabu wakaona mashine za kuitengeneza ni ghali kuliko faida ya magari machache ya kifahari. 1934 wakaachana nayo. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, jeshi likaitaka kwa magari yake mazito. Halafu 1951 Chrysler wakaitoa kwa gari yao ya Imperial, wakitumia mawazo ya Davis ambayo baadhi ya hataza zake zilikuwa zimeisha muda. Ndio sasa General Motors wakarudi mbio kwa Davis. Miaka 17 imeenda.

Hapo ndipo nawaona watu wetu. Binamu yangu ni dereva wa teksi, gari yake ina umri kunishinda. Fundi alimwambia, "Boss, hii ni sili tu, tubadilishe." Akasema atangoja mwisho wa mwezi. Miezi minne imepita na bado anabeba chupa. Hesabu ya leo inaonekana poa mpaka siku pampu inakauka, inaanza kulia kama mbwa, na usukani unakuwa mzito katikati ya mzunguko na matatu imekuja ubavuni. Na mafuta yakidondokea egzosi ya moto, hiyo ni hatari ya moto.

Kwa hivyo fanya kama Davis, uliza yanatoka wapi. Pangusa kila kitu kikauke, weka katoni chini, washa gari, mtu ageuze usukani huku wewe unaangalia. Anza na vitu rahisi: klipu na mipira inayotoka kwa tangi dogo la mafuta. Kisha ule mpira wa presha kubwa. Huo usirekebishwe na mpira wa kawaida na waya, utapasuka. Angalia sili ya shafti ya pampu. Mwisho shika ile mipira ya kukunjana kwenye ncha za raki. Ukipata mafuta ndani, sili za raki zimeenda. Zile dawa za kuziba hufanya mpira wa sili ulainike na kuvimba. Zinakununulia muda, hazitengenezi. Na usiwahi kuweka mafuta ya breki huko, yanakula sili. Soma kitabu cha gari ujue inataka mafuta gani. Ukimaliza, inua magurudumu ya mbele, geuza usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, hewa itoke, ndio uwashe.

Najua wengine wanasema hii elimu imepitwa. Tangu Suzuki Cervo ya 1988, steringi ya umeme imekuwa ikichukua nafasi, na gari nyingi ndogo zinazoingia sasa hazina mafuta hayo kabisa. Sawa. Lakini zile tulizo nazo bado ziko barabarani, na ndizo zinalisha familia. Vile vijana wanakimbilia mambo ya umeme, mtu anayejua kubadilisha sili ya raki bila kukuuzia raki nzima atazidi kuwa adimu. Kama wewe ni kijana unatafuta kazi ya mikono, hapo kuna doh. Na kama wewe ndio una chupa kwa buti, itoe, uende kwa fundi wiki hii.